Saa ya uongo: kisa cha alarmu iliyomsingizia zamu, Lubumbashi

Sisi mafundi wa alarmu tunapenda kusimuliana ushindi. Katika kisa hiki nilikosea mara mbili kabla ya kupatia, na makosa yote mawili niliyafanya katika dakika kumi za kwanza nilizoingia ndani ya nyumba. Nimeondoa majina, mtaa, chapa ya mashine na kila kitu ambacho jirani angeweza kukitambua. Mwenye nyumba na zamu wake, yaani mlinzi wake wa usiku, wamesomewa maandishi haya, na wote wawili wamekubali yatoke.

Nyumba na mashine yake

Nyumba ni ya zamani, ya matofali ya kuchoma, imeezekwa malata, ndani ya parseli, yaani kiwanja, yenye ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa juu kama parseli nyingi za Lubumbashi. Alarmu iliwekwa miaka mingi iliyopita na fundi nisiyemjua, na lazima niseme kazi yake ilikuwa safi. Santrali, yaani kisanduku cha chuma chenye kadi inayoongoza kila kitu, ilikuwa ndani ya kabati la korido. Humo kuna transfoma inayopokea umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, wa volti 220, na betri moja ya volti 12 na 7 Ah (ampea-saa, kipimo cha akiba ya betri) ya kushika kazi umeme ukikatika. Klavye ya kuingizia kodi, yaani namba ya siri, ilikuwa ukutani, nje ya chumba cha wazazi, na skrini yake ndogo iliandika kwa Kifaransa. Zoni, yaani sehemu zinazolindwa, kila moja na waya wake, zilikuwa nane. Zoni ya 4 ndiyo ya mlango wa nyuma, na waya wake ulipita juu ya plafoni (dari) ya korido mpaka jikoni.

Sireni ya nje ilifungwa juu, chini ya ukingo wa paa, nayo ilikuwa na betri yake ndogo ndani. Jambo hili litarudi mbele, kwa hiyo nilieleze sasa. Sireni za namna hii hupokea volti 12 kutoka santrali mchana na usiku. Zikizikosa, zinachukulia kwamba mwizi amekata waya, na zinaanza kulia zenyewe kwa betri yao ya ndani. Ndivyo zilivyotengenezwa, na ni jambo zuri, mpaka siku santrali yenyewe inapozimika bila mwizi yeyote.

Kuna kitu cha tatu. Kwa sababu ya delestaji, yaani kukatwa kwa umeme mtaa kwa mtaa, familia ilikuwa imenunua ondileri, mashine inayotoa umeme wa betri, na betri kubwa mbili, na santrali ililishwa kwa laini hiyo. Umeme wa SNEL ukiondoka, ondileri ilishika papo hapo. Santrali haikuwahi kujua kwamba mji una giza. Kwenye klavye taa ya manjano ya hitilafu iliwaka tangu kabla ya Pasaka, lakini kwa kuwa kila kitu kilikwenda vizuri, mtoto mmoja aliifunika kwa kipande cha skochi (utepe wa gundi) ili isimulike usiku.

Mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, wakaanza kukarabati: kuvunja ukuta kati ya jiko na baraza ya nyuma, madirisha mapya, plafoni mpya ya gyproc, yaani mbao za jasi, kwenye korido. Familia haikuhama. Walijibana katika vyumba viwili vya mbele, na vifaa vya ujenzi vikawekwa katika depo ndogo nyuma ya nyumba. Mlangoni mwa parseli alikaa zamu wao wa miaka saba, mzee mtaratibu, na mbabula yake, jiko lake la makaa, maana usiku wa mwezi wa saba kwetu una baridi ya kweli.

Mambo yalivyofuatana

Siku ya kwanza ya shantie, yaani kazi hiyo ya ujenzi, waashi walihitaji chumba ambamo ondileri ilikaa. Ikafunguliwa, ikapelekwa gereji. Fundi wa umeme wa shantie aliunganisha laini ile moja kwa moja na SNEL, na hakuna aliyefikiri kwamba alarmu nayo ilikuwa juu ya laini hiyo.

Usiku wa pili umeme ulikatika. Sireni ikalia kwa robo saa hivi, ikanyamaza. Baba wa nyumba alitoka na tochi, akazunguka na zamu, hawakuona mtu. Usiku wa tatu umeme ukakatika tena, sireni ikalia tena, na safari hii majirani walitoka na fimbo. Usiku wa nne kijana wa fundi wa umeme, ambaye alikuwa amelala pale kulinda vifaa vyake, alipanda ngazi na koleo akakata nyaya mbili za sireni. Umeme ulipokuwa umesharudi na sireni imenyamaza, alizikata ili isilie tena kesho. Msomaji ameshaelewa kilichofuata: sireni iliyokatwa waya ikalia pale pale, kichwani pake, na kijana akashuka ngazi kasi kuliko alivyopanda. Mwisho wakafungua kifuniko na kuing'oa betri yake ya ndani. Tangu hapo nyumba haikuwa na sireni.

Siku ya sita umeme ulikosekana usiku kucha na ukarudi asubuhi. Mchana kazi iliendelea kama kawaida. Wachoraji walikuwa wamefunika klavye kwa plastiki, na disko la kukatia karo (vigae) lililia kutwa nzima, kwa hiyo hata kama klavye ilitoa mlio wake mdogo, hakuna aliyeisikia.

Siku ya saba, alfajiri, shefu wa shantie alifungua depo akakuta roli mbili za kable ya umeme za milimita mraba 2.5 hazipo. Katika mji uliojengwa juu ya shaba, kable ina miguu. Kila mmoja wetu analijua hilo. Baba wa nyumba alikimbilia kwenye klavye, akatoa plastiki, akafungua kumbukumbu za matukio. Akasoma:

SABOTAGE Z04 01/01 01:50

Na chini yake lingine la namna hiyo hiyo, 05:10. Alipiga picha zote kwa simu. Kwake hakukuwa na swali tena. Saa saba na dakika hamsini usiku mtu amechezea mlango wa nyuma, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri amerudi, na usiku ndani ya parseli aliyekuwa macho ni mtu mmoja tu. Tena mashine yenyewe imeandika neno sabotaji.

Zamu aliitwa mbele ya mafundi wote. Alijibu maneno machache: «Patro, niko na myaka saba mu hii parseli. Ile saa nilikuwaka ku portaye, na mbabula yangu.» Patro hakutaka kusikia. Alitaka kumpeleka polisi asubuhi ile ile. Mama wa nyumba ndiye aliyesimamisha: kwanza aitwe fundi wa alarmu asome mashine, halafu polisi. Zamu akaambiwa akae kwake mpaka aitwe. Basi mimi niliitwa nithibitishe kosa la mtu, na alarmu mbovu hawakuitaja kwenye simu.

Niliyoyaamua, na kwa nini

Nilifika saa tisa alasiri siku hiyo ya saba. Nilionyeshwa picha. Niliona 01/01 wakati tulikuwa mwezi wa saba, na nikasema kichwani, kama wanavyosema wote, kwamba tarehe haikuwekwa vizuri tangu mwanzo. Hilo halikunizuia kuamini saa iliyoandikwa pembeni yake. Leo nikikumbuka naona haya kidogo: kama tarehe ni ya uongo, saa iliyo kando yake ina sababu gani ya kuwa kweli?

Nikafungua kisanduku. Nikapima betri kwa multimeta: volti 13.6. Nikamwambia mwenye nyumba, «Betri ni nzima.» Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Umeme ulikuwepo, transfoma inachaji, na nilichopima kilikuwa volti ya chaja. Betri iliyokufa ukiiunganisha na chaja nzima itakuonyesha volti za chaja, na utaondoka umeridhika.

Kosa la pili lilifuata dakika tano baadaye. Niliona nyaya za sireni zimekatwa, vumbi la sima (saruji) limejaa juu ya kadi, viungio viwili vimelegea. Kwa tabia ya usalama nilizima laini ya 220 na kuchomoa betri ili nisafishe na kukaza. Mkono wa fundi hufanya hivyo bila kuuliza kichwa. Nilipowasha tena, klavye ilisoma 01/01 00:00 na kuniomba niweke saa.

Hapo ndipo nilipogutuka. Mashine hii, ikikosa umeme na betri kwa pamoja, haipotezi kumbukumbu za matukio, maana hizo zimeandikwa kwenye chipu isiyohitaji umeme. Inapoteza saa. Ikirudi, inaanza kuhesabu upya tangu usiku wa manane wa tarehe 1 mwezi wa kwanza. Kwa hiyo 01:50 ilimaanisha saa moja na dakika hamsini baada ya umeme kurudi, umeme wowote ule, saa yoyote ile. Na mimi, kwa kuizima, nilikuwa nimefuta njia rahisi kuliko zote ya kujua ni saa gani: ningetazama tu klavye inasoma ngapi nilipofika, nikailinganisha na simu yangu, tofauti ingekuwa jibu. Dakika moja. Badala yake ilitumika jioni nzima.

Sikusema neno kwa mwenye nyumba wakati ule. Niliogopa kumwambia nusu ya jambo wakati mtu mwingine yuko hatarini. Niliomba anitumie picha zote alizopiga alfajiri, na nikaenda nyumbani.

Zilikuwa nne. Tatu za kumbukumbu. Ya nne ameipiga kwa haraka, labda bila kukusudia: skrini ya kawaida ya klavye, inasoma 01/01 21:28. Simu ilikuwa imeandika saa ya picha: 6:30 asubuhi. Ukitoa saa 21 na dakika 28 kutoka hapo unarudi nyuma mpaka saa 9:02 asubuhi ya jana yake, siku ya sita. Ndipo mashine ilipozaliwa upya.

Ushahidi mmoja haunitoshi. Nilimpigia mama wa nyumba nikamuuliza kama anakumbuka umeme ulirudi saa ngapi siku ya sita. Hakukumbuka, lakini familia ina kundi la WhatsApp ambamo kila mmoja anatangaza delestaji ya mtaa wake, kama familia nyingi hapa. Akatafuta. Ujumbe wa binti yake: «Kuriye imerudi!!» Saa 9:03.

Basi 01:50 ilikuwa saa 10:52 asubuhi, mchana kweupe, nyumba ina watu zaidi ya kumi. Na 05:10 ilikuwa saa 14:12. Saa hizo zamu alikuwa nyumbani kwake amelala, maana yeye hulinda usiku.

Kesho yake nilikwenda mapema, tukakaa mezani na baba wa nyumba, mama na shefu wa shantie. Niliandika hesabu kwenye karatasi, mstari kwa mstari, nikamwacha baba aifanye mwenyewe kwa kalamu yake. Shefu wa shantie akaleta kaye (daftari) yake ya kazi. Siku ya sita, asubuhi, imeandikwa: plafoni ya korido, kuanza gyproc. Baba aliinamisha kichwa juu ya karatasi kwa muda. Kisha aliuliza swali ambalo lilikuwa la haki kabisa: «Kama hapana yeye, hii sabotaji ni ya nani?»

Hapa ilibidi nieleze neno. Katika alarmu hii kila zoni ina rezista mbili (vipande vya kuzuia umeme kwa kipimo) za kilo-omu 4.7 mwisho wa waya, kwenye kontakti ya mlango, yaani swichi yake ndogo. Mlango ukifungwa, santrali inasoma kilo-omu 4.7. Ukifunguliwa, inasoma 9.4. Waya ukikatwa, inasoma ukinzani usio na mwisho. Nyaya mbili zikigusana, inasoma karibu na sifuri. Hali hizi mbili za mwisho ndizo mashine inaziita sabotaji, hata alarmu ikiwa haijawashwa. Kwa maneno mengine, kumbukumbu ile haikusema mlango ulifunguliwa. Ilisema waya wa mlango uliguswa. Aliyebuni neno hilo alimfikiria mwizi mwenye koleo; katika nyumba inayokarabatiwa karibu kila mara ni mfanyakazi mwenye skurubu.

Baada ya hapo nilianza kazi niliyopaswa kuanza nayo jana. Kwanza betri: niliichomoa, nikaipa taa ya nyuma ya gari ya wati 21 iiwashe. Ilianza na volti 12.3, na kabla dakika mbili hazijaisha ilikuwa chini ya 9, taa imekuwa nyekundu kama kaa la mbabula. Maandishi ya fundi wa zamani ubavuni yalionyesha ina zaidi ya miaka sita. Betri hizi za risasi zilizofungwa hukaa miaka mitatu hadi mitano, na ndani ya kabati lenye joto la transfoma hazifiki hata huko. Ilikuwa imekufa zamani; ondileri ndiyo iliyoificha. Shantie haikuiua, ilimwondolea tu aliyekuwa akimbeba.

Pili, zoni ya 4. Nilitoa waya wake kwenye kadi na kuweka rezista ya 4.7 mahali pake: zoni ikatulia siku nzima. Kwa hiyo kadi ni nzima, ugonjwa uko kwenye waya. Lakini nikiupima waya, multimeta inasoma 4.7, sawa kabisa. Asubuhi sawa, saa tatu sawa. Saa tano kasoro, jua limepanda juu ya malata, ghafla inaanguka. Baada ya muda inarudi. Hitilafu ya kuja na kwenda ndiyo mateso ya kazi hii, na wengi hapa wangevuta waya mpya wakaondoka. Mimi pia nilifikiri hivyo. Kilichonizuia ni kwamba waya mpya ungepita mahali pale pale, juu ya plafoni ile ile, na skurubu za siku zilizobaki zilikuwa bado hazijafungwa.

Nilisubiri ianguke tena, nikapima: omu 2.4. Ukitoa 0.3 ya nyaya za multimeta, zinabaki 2.1. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.22 una kama omu 0.08 kwa mita, kwenda na kurudi 0.16. Hiyo inakupa mita 13 kutoka santrali. Nilipima kwa futi ukutani, nikafika karibu na mwisho wa korido.

Shefu wa shantie hakutaka plafoni ifunguliwe. Ilikuwa imepigwa rangi mkono wa kwanza. Nilimwelewa. Tukakubaliana: kijana mmoja asimame chini na ufagio, mimi niingie juu kwa kidirisha cha stoo, nitambae kwenye mbao chini ya malata. (Mtu asiyewahi kutambaa chini ya malata saa saba mchana mwezi wa saba asimlaumu fundi akiomba soda.) Mwingine alikaa na multimeta iliyowekwa kwenye mlio. Kijana akawa anasukuma gyproc kwa mpini wa ufagio, mkono kwa mkono. Mita kumi na moja, multimeta ikalia. Hesabu yangu ilikosa mita mbili, maana skurubu nayo ina ukinzani wake pale inapogusa. Skurubu moja ya gyproc ilikuwa imepita pembeni ya reli, ikatoboa kable, ikakwaruza nyaya mbili za zoni. Ikipata joto reli inanyooka kidogo, nyaya zinagusana kupitia skurubu, ikipoa zinaachana.

Niliitoa, nikakata kipande kilichojeruhiwa, nikaunganisha kwa risasi ya kuchomea na bomba la kujibana kwa joto, kisha nikaihamishia kable kwenye mbao ya juu, mbali na reli.

Swali la mwisho lilikuwa: je, tuache alarmu imezimwa mpaka shantie iishe? Mwenye nyumba alitaka hivyo, amechoka. Nilikataa. Wizi ulikuwa umetokea kweli, na kuta zilikuwa na matundu. Tuliweka betri mpya, nikaandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Laini ya santrali ikarudishwa kwenye ondileri huko gereji, kwa kable ya muda. Sireni ikafungwa upya na betri yake. Zoni za jiko na baraza nilizifunga nje kwenye klavye kwa muda, yaani santrali isizisikilize, na nikahamishia kontakti moja kwenye mlango wa depo, mahali palipoibiwa. Detekta za mwendo zilifunikwa mifuko ya plastiki asubuhi na kufunuliwa jioni, kwa sababu vumbi la gyproc likikaa kwenye lenzi detekta inakuwa kipofu, na hailalamiki.

Kabla ya kuondoka nilizima 220 na ondileri kwa saa mbili, nikakaa barazani na wenyeji. Santrali ilivuta ampea 0.35 tu, kwa betri ya 7 Ah hiyo ni saa 20 kwenye karatasi, pungufu kidogo katika maisha. Sireni ilikaa kimya. Saa kwenye klavye iliendelea kwenda sambamba na simu yangu.

Mwisho wake

Zamu aliitwa siku ya tisa. Baba wa nyumba hakumtuma mtu. Alimwendea kwake Katuba pamoja na mzee mmoja wa kanisa lao, akaomba radhi mbele ya mke wake. Siku mbili alizokosa zamu zililipwa. Roli mbili za kable hazijapatikana mpaka leo. Fundi wa umeme na shefu wa shantie walirushiana maneno juu ya roli hizo, na mwisho mwenye nyumba alinunua nyingine. Alarmu haikuweza kusema chochote juu ya wizi huo, kwa sababu mlango wa depo haukuwa na kontakti siku ile. Hilo watu walilikubali kwa shida sana. Walitaka mashine iliyomsafisha mmoja imtaje mwingine.

Sireni haijalia bila sababu tangu hapo. Zoni ya 4 ililia mara moja wiki mbili baadaye, na safari hiyo kijana wa gyproc alikuja mwenyewe kusema: «Ni mimi, nimegusa fili.»

Kuchambua

Kilichofaulu zaidi kilifanywa na mama wa nyumba, na hakikuhitaji multimeta: alisema fundi kwanza, polisi baadaye. Kama mzee yule angefika kituoni na picha yenye neno SABOTAGE, sijui ni nani angekaa chini kupiga hesabu ya saa. La pili ni picha ya nne ya mwenye nyumba. Aliipiga kwa hasira, lakini aliipiga kabla sijagusa kitu. Tangu siku ile, kabla ya kufungua skrubu yoyote, napiga picha ya klavye yenye saa, kando yake simu yangu yenye saa. Picha moja, vyote viwili ndani.

Kuondoa zoni na kuweka rezista kwenye kadi kuliokoa siku nyingi. Najua mafundi wanaoona hilo kama kazi ya mwanafunzi. Lakini katika nyumba yenye shantie, hitilafu mpya zinazaliwa wakati unatafuta ya zamani. Usipofunga mlango mmoja kwanza, hujui kama unachokisikia ni cha jana au cha sasa hivi.

Kilichoshindikana kilianza siku ya kwanza, wakati ondileri ilipobebwa. Mtu mmoja tu angeuliza, «Hii laini inalisha nini kingine?» na usiku zile tatu zisingekuwepo. Fundi wa umeme alinijibu kwamba hiyo si kazi yake, na kwa mkataba wake ni kweli. Mimi nadhani ni kazi ya shefu wa shantie, na nimemwambia hivyo. Hakufurahi.

Taa ya manjano chini ya skochi nayo ina sehemu yake. Ilisema betri imekufa, miezi mitatu kabla. Sikuwalaumu kwa hilo. Taa inayowaka miezi mitatu bila madhara hugeuka kuwa pambo.

Nirudi kwenye kosa langu la betri, maana mafundi wengi ninaowajua bado wanalifanya. Volti 13.6 na umeme upo haithibitishi kitu. Zima umeme, ipe mzigo wa kweli, taa ya gari inatosha, utazame kwa dakika kumi na si sekunde kumi. Betri nzima ya 7 Ah inaibeba taa ya wati 21 bila kushuka chini ya 12 muda huo.

Na neno sabotaji. Nimeanza kuwaelimisha wateja siku ya kwanza ninapowakabidhi klavye: neno hili linahusu waya, halimhusu mtu. Wengine wanacheka. Lakini mwenye nyumba huyu ni mtu aliyesoma, mhasibu wa kazi yake, mtu wa hesabu, na alisoma 01/01 katikati ya mwezi wa saba akaendelea mbele. Hasira ilimsomea mstari uliobaki.

Nilipita pale mwezi wa kumi, mvua za kwanza zinaanza, kukagua kazi baada ya rangi ya mwisho. Kando ya klavye kulikuwa na kaye ndogo iliyofungwa kwa uzi kwenye msumari. Mwandiko si wa baba wala wa mama. Kila mstari una saa mbili: imekatika 19 h 40, imerudi 5 h 15, imekatika 20 h 10, imerudi 6 h 00. Nilimuuliza zamu nani anaiandika. Akainua mkono wa kushoto kunionyesha saa mpya, akaniuliza klavye inasema ngapi.